Midomo Inayobabuka Haitaki Mengi



Leo tuzungumze midomo. Sisemi midomo ya umbea, hiyo kila mtu anaijua dawa yake. Nasema midomo hii ya nyama, tunayosemea, tunayosomea na tunayobusia watoto wetu wakienda skuli.

Yangu ilibabuka kwa miaka miwili na zaidi. Si ule mpasuko wa siku mbili tatu unaokuja na upepo wa kaskazi, ukipaka mafuta unaondoka. Nilikuwa nikiamka alfajiri mdomo mkavu kama karatasi. Ikifika saa nne kipande kinaning'inia. Jioni kimeng'oka, chini yake pekundu, panawaka hata nikinywa maji. Kesho yake ngozi mpya imeshakauka, na mambo yanaanza upya. Sasa ni mwaka na miezi tangu itulie, alhamdulillah, na kuna dada wawili watatu wameniuliza nilitumia nini. Jibu langu linawashangaza kidogo: nilitumia kitu kimoja, na nikaondoa kumi.

Maradhi madogo yanavyomla mtu

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza. Kazi yangu ni kufundisha watoto kusoma, na anayefundisha kusoma hawezi kuficha mdomo. M, b, p, f, v, hizi zote ni herufi za midomo. Mtoto hazijui kwa kuambiwa, anazijua kwa kukutazama. Kwa hiyo kila asubuhi watoto hamsini na kitu walikuwa wakitazama mahali ambapo sikutaka patazamwe. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, umeungua chai?" Nikamwambia ndiyo, kidogo. Wiki mbili baadaye akauliza tena, "Bado tu hujapona?"

Watu wazima hawaulizi, wanasema pembeni. Kuna waliosema nina upungufu wa damu. Kuna waliosema kijicho. Na kuna waliotaja kwa sauti ya chini yale maradhi ambayo mtu akikonda au akitoka kipele hupewa. Nilikwenda kupima na mume wangu, majibu yakatoka hatuna. Lakini nikasema moyoni, hata tungekuwa nayo, je, mtu angestahili kunong'onwa? Allah atusitiri sote.

Kwenye hitima nikawa nakaa nyuma. Kwenye harusi napiga picha nimeinamisha ushungi. Nikicheka, mkono mdomoni. Yote hayo nilikuwa nayavumilia, mpaka siku nilipomwona binti yangu wa miaka sita anacheka na wenzake uani, na yeye kaziba mdomo kwa kiganja. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa meno?" Akasema hapana. "Sasa mbona unaziba?" Akaniambia, "Wanawake wakubwa ndivyo wanavyocheka."

Wiki ile ile nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumwona daktari wa ngozi.

Kila mtu ana dawa yake

Kabla ya hapo dawa hazikukosekana, na kila moja ilitolewa kwa mapenzi. Mama alinipa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Wifi yangu akaleta asali iliyochanganywa na ndimu. Jirani akasema nisugue kwa sukari ili ngozi iliyokufa itoke yote. Shangazi yangu wa Pemba akanitumia kichupa cha mafuta ya karafuu. Dukani nikapewa mafuta ya mdomo yenye harufu ya stroberi, na mengine ya mnanaa yanayoburudisha ukiyapaka.

Daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akasema, "Dada, mafuta ya mama yako sawa. Ndimu ni tindikali, unaitia kwenye kidonda. Sukari ni msasa. Karafuu ina mafuta makali, tunaitia kwenye jino linalouma kwa sababu inatia ganzi, lakini ngozi laini inaichoma. Na huo mnanaa unaosikia baridi, ule ubaridi si uponyaji."

Kisha akanieleza jambo ambalo nilitamani mtu angelinieleza mapema. Ngozi ya mdomo si kama ngozi ya mkono. Tabaka lake la juu ni jembamba sana, ndiyo maana mdomo unaonekana mwekundu, damu iko karibu. Haina vinyweleo, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta ni chache mno. Ngozi ya mwahali pengine inajipaka mafuta yenyewe, mdomo hauna akiba hiyo. Kwa hiyo unapoteza maji upesi, na kitu kidogo tu kinaukera.

Ukikauka, ulimi unatoka kuulowesha. Hiyo ni dasturi ya kila mwanadamu, wala hatuijui tunapoifanya. Lakini mate yana vimeng'enya vya kuanza kusaga chakula, na maji yake yakipaa yanauacha mdomo mkavu kuliko ulivyokuwa. Ukikauka zaidi, ulimi unatoka tena. Ngozi ikiinuka, vidole na meno vinaitafuta. Ikivutwa kabla ya wakati wake inang'oka na ile iliyo hai chini yake, na mwili unaharakisha kujenga nyingine. Iliyojengwa kwa haraka haikomai, inababuka. Ndiyo duara lenyewe hilo, na unaweza kulizunguka miaka.

Orodha ya tangu alfajiri mpaka kulala

Nilidhani nitaandikiwa tyubu la dawa niondoke. Badala yake alinipa karatasi na kalamu. "Niandikie kila kitu kinachogusa mdomo wako tangu unaamka mpaka unalala. Hata usichokidhania."

Nikaandika. Dawa ya meno, mara mbili. Maji ya udhu. Chai ya maziwa yenye mdalasini na tangawizi. Mafuta ya stroberi. Rangi ya mdomo nikiwa na shughuli. Pilipili ya kachumbari. Ndimu kwenye samaki. Embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Ukwaju. Kitambaa cha kufutia chaki, maana nikifuta ubao hujipangusa uso kwa mkono ule ule. Mate yangu mwenyewe. Yalifika kumi na moja.

Akaichukua karatasi, akapiga mstari dawa ya meno, chai na mafuta ya stroberi. Akaniuliza dawa yangu ya meno ina ladha gani. Nikamwambia ile ya mitishamba, ina karafuu na mdalasini. Akasema kuna watu ambao ngozi yao ina mzio na viungo vya harufu na ladha, na mdalasini ni katika vinavyoongoza. Mzio wa aina hii hauji papo kwa papo. Unakula leo, unawashwa kesho au keshokutwa, kwa hiyo huwezi kuunganisha. Na mtu anaweza kuitumia kitu miaka ishirini bila tatizo, kisha siku moja mwili ukakikataa.

Mashoga, mimi nimezaliwa kisiwa cha viungo. Babu yangu alikuwa na shamba Kizimbani, mdalasini tulikuwa tunaumenya mtini na kuutafuna njiani. Nikamwambia, "Dokta, mdalasini?" Akasema, "Hatujui bado. Tutajua kwa kuondoa."

Alinikagua pia pembe za mdomo kuona kama kuna fangasi, akanipima damu. Ilikuwa 10.6, na kwa mwanamke asiye na mimba inatakiwa isishuke chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa hiyo wale waliosema nina upungufu wa damu hawakusema uongo, ila hiyo haikuwa hadithi yote. Nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu, na kuambiwa nisinywe chai pamoja na chakula kwa sababu chai inazuia madini yale yasifyonzwe. Mchicha, kisamvu, maharage, dagaa na maini viwepo mezani, na ndimu niliyoikataza mdomo niikamulie kwenye mboga iliyo sahanini, maana inasaidia chuma kuingia mwilini. Nile kwa uma, taratibu.

Wiki nane

Masharti yalikuwa haya. Wiki mbili za mwanzo, mdomo usiguswe na chochote katika orodha isipokuwa maji na chakula kisicho kikali. Mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu, basi. Dawa ya meno yenye floridi lakini isiyo na ladha kali. Nilizunguka maduka matatu ya Darajani mpaka nikaipata. Alinipa na marhamu hafifu ya kupunguza uvimbe, siku saba tu, akanisisitiza nisiendelee nayo wala nisimgawie mtu. Dawa za kundi lile zikitumika kiholela usoni zinaleta vipele kuzunguka mdomo, na nyinyi mnajua mikorogo mingi inayouzwa mitaani ina nini ndani yake.

Ngozi ikiinuka nisiivute. Kipande kikining'inia kinikere, nikikate kwa mkasi mdogo safi, nikiache kilichoshika.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ngozi ilijaa, ikawa kama gamba, watu wakaona nimezidi. Ilipofika siku ya tisa au ya kumi lile gamba likatoka lenyewe nikiwa naoga, na chini hakukuwa na uwekundu. Nikakaa pale bafuni muda kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili ngozi imeondoka kwa hiari yake.

Wiki ya tatu tukaanza kurudisha, kitu kimoja kwa wiki. Pilipili kidogo: sawa, mradi mdomo mzima. Ukwaju: sawa. Karafuu kwenye pilau: haikunifanya kitu. Ikaja zamu ya ile dawa ya meno. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili ninawashwa, siku ya tatu ngozi imeanza kuinuka pembeni. Nikaacha, ikatulia kwa wiki moja. Nikajaribu chai ya mdalasini peke yake, ikawa vile vile. Tukapata jibu.

Yalipita majonzi kidogo, sitaki kuwaficha. Kuna harufu ambazo ni nyumba. Lakini niliona na mapenzi ambayo sikuyatarajia. Mume wangu alichukua kazi ya kupika chai ya asubuhi, akaondoa vijiti vyote vya mdalasini katika kopo la viungo ili nisichanganye. Na mama mkwe, ambaye pilau lake halijawahi kubadilishwa na mtu, sikukuu ile alipika sufuria yangu pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, kula. Hili hata mimi nimelionja, linalika."

Udhu, saumu na mafuta

Kuna dada wengi wanaogopa hapa, kwa hiyo nieleze nilivyofanya. Kulowana na kukauka mara kwa mara kunachosha ngozi, na sisi tunaosukutua na kuosha uso kila udhu tunalowana sana. Hakuna wa kuacha udhu. Nilichofanya ni kujifuta kwa kitambaa laini kwa kubonyeza, sio kusugua, kisha kupaka mafuta pale pale baada ya swala. Swala tano, mafuta mara tano, na mara ya sita nikilala. Sikuhitaji kuweka kengele ya simu, adhana ilinikumbusha. Nadhani hili ndilo lililonifaulisha kuliko jengine lolote, maana dawa isiyo na wakati wake husahaulika.

Kabla ya udhu mafuta mazito nayapangusa ili maji yafike kwenye ngozi. Na ile ngozi iliyoshikilia sikuambiwa niing'oe, naipitishia maji ilivyo.

Ramadhani ilinikuta wiki ya saba. Nilimuuliza ustadhi wetu kuhusu kupaka mdomo mchana, akanijibu kuwa kupaka juu ya mdomo hakufunguzi, ilimradi mtu ajichunge asimeze. Nikawa napaka kidogo sana, nyembamba, nikipaka zaidi baada ya futari na baada ya daku. Maji nilikuwa nayagawa tangu magharibi mpaka daku badala ya kuyamimina yote mara moja. Mwezi ule mdomo haukupasuka hata siku moja.

Na nyinyi wa embe, na wa jua

Si kila mdomo unaobabuka ni mdalasini. Msimu wa embe ukifika, angalieni. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na utomvu na ganda la embe vina kitu kinachowaunguza baadhi ya watu mdomo na mashavu siku moja au mbili baada ya kula. Wengi wao wanaweza kula nyama ya embe bila shida ikiwa limeoshwa, limemenywa na mtu mwengine na limekatwa vipande. Kinachowadhuru ni kuling'ata na ganda lake.

Dada zetu wa mwani kule Paje, Jambiani na Bwejuu wao wana jua la juu na jua linalorudi kutoka majini, pamoja na chumvi. Mdomo wa chini ndio unaopokea. Kofia pana juu ya mtandio, na mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua yasiyo na harufu kwa anayeyapata, si anasa kwao. Wenye ualbino ndiyo kabisa wasikose.

Anayemeza vidonge vikali vya chunusi vya jamii ya vitamini A asishangae midomo ikibabuka, ni kawaida ya dawa ile, amwambie daktari wake. Anayechanika pembe za mdomo apimwe damu na fangasi. Na iko aina ambayo daktari hutafuta chanzo asikione, ngozi inajengeka na kubabuka, mara nyingi pamoja na kujing'ata au wasiwasi na huzuni ya muda mrefu. Huyo naye anahitaji matibabu, pengine na mtu wa kuzungumza naye, na hahitaji kuambiwa aache kujishika.

Jambo moja la kutochelewesha: kidonda, ukoko au kibaka kigumu mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, hasa mdomo wa chini, kipelekwe hospitali. Usikipake kitu ukakisubiri.

Pa kuanzia

Ikiwa midomo yako inababuka muda mrefu, usiniulize jina la mafuta. Mafuta ya mgando ya kawaida kikopo chake hakifiki bei ya kilo ya sukari, na yanatosha. Kazi iko kwenye karatasi. Usiku huu andika kila kinachogusa mdomo wako tangu alfajiri, hata kile unachokipenda, hata kile ulichopewa na unayempenda. Ondoa vyote wiki mbili, kisha urudishe kimoja kimoja, pole pole, ukisubiri siku kadhaa kila mara. Mwili utakujibu wenyewe. Ukishindwa kusoma majibu yake, peleka karatasi ile ile kwa daktari, utakuwa umeshamfanyia nusu ya kazi.

Mimi mdomo wangu si wa picha za magazeti. Kaskazi ikivuma unakauka kama wa mtu yeyote, napaka, unatulia. Darasani nasema ma, me, mi, mo, mu, na hakuna anayeniuliza chai.

Allah awape shifaa wote wanaouguza maradhi madogo yasiyopewa pole. Amin.